Bora kwenye meza ya pool hupimwa kwa fremu, si kwa kombe

Swali: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni wachezaji kumi na sita hapa Busia, upande wa Uganda. Kila jioni ubishi ni mmoja: nani mchezaji bora wa pool duniani? Wazee wanasema Efren Reyes wa Ufilipino, vijana wanasema Joshua Filler au Fedor Gorst, na mimi nasimama na Shane Van Boening. Sasa ubishi umeingia nyumbani. Mwezi uliopita tulicheza mtoano, anayetangulia kushinda fremu 3, yaani michezo mitatu kamili mezani, anapita, ili tumpate wa kutuwakilisha Tororo. Akashinda kijana ambaye wengi wetu humfunga siku za kawaida. Wengine wanasema bingwa ni bingwa, wengine wamekataa kumchangia nauli. Mchezaji bora hupimwaje? Tena kuna dada mmoja anayetufunga wengi wetu. Tumhesabu pamoja nasi au kando?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na nauli, maana hilo ndilo lenye haraka: mchangieni. Kijana ameshinda kwa kanuni mlizokubaliana kabla mpira wa kwanza haujapigwa, na kanuni haigeuzwi baada ya matokeo kujulikana. Lakini wanaosema kwamba mtoano ule haukuthibitisha kuwa yeye ndiye mkali wenu kuliko wote nao wana hoja. Kushinda shindano ni jambo moja, kuwa bora ni jingine. Karibu ubishi wote wa mchezo huu, wa Busia na wa Las Vegas, unatokana na kuyachanganya hayo mawili.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua mchezaji hodari kweli, anayemfunga kila mtu fremu mbili kwa moja. Huyo si mzuri kidogo tu, amewazidi wenzake waziwazi. Mweke kwenye mechi ya kutangulia kufikisha fremu 3. Atashinda mara 79 katika 100, na kwa mechi moja hiyo ni nafasi nzuri sana. Sasa mweke kwenye mtoano wa watu 64, ambako lazima ashinde mechi sita mfululizo. Nafasi ya kubeba kombe inashuka hadi asilimia 24. Yaani mtu anayemzidi kila mmoja ukumbini mara mbili atarudi nyumbani mikono mitupu katika mashindano matatu kati ya manne. Ongeza urefu wa mechi hadi fremu 9 na mtu yuleyule anashinda kombe mara 62 katika 100. Mchezaji hajabadilika, wapinzani hawajabadilika, kilichobadilika ni idadi ya fremu.

Nyinyi mlikuwa kumi na sita, kwa hiyo mechi nne zilitosha kumpa mtu ubingwa. Na nina hakika wachezaji wenu hawazidiani mara mbili. Pengine aliye bora kwenu hushinda fremu 55 katika kila 100 dhidi ya wenzake. Huyo, kwenye mechi ya fremu 3, anashinda mara 59 tu katika 100. Mkiwa karibu namna hiyo, mtoano mfupi unakaribia sana kurusha shilingi juu na kungoja iangukie wapi.

Wenzetu wakubwa nao wanaonja shubiri hiyo hiyo. Tazama ubingwa wa dunia wa mipira tisa, aina ya pool yenye mipira tisa yenye namba, kuanzia 2015 hadi 2025. Ko Pin-yi wa Taiwan alichukua mwaka huo, Albin Ouschan wa Austria akafuata 2016, Carlo Biado wa Ufilipino 2017, Filler wa Ujerumani 2018, Gorst 2019. Mwaka 2020 haukuchezwa. Ouschan akarudi 2021, Van Boening akapata 2022, Mhispania Francisco Sánchez Ruiz 2023, Gorst tena 2024, Biado tena 2025. Michuano kumi, mabingwa saba, na hakuna hata mmoja aliyetetea taji lake mwaka uliofuata. Ukisema bora ni yule mwenye kombe la dunia mwaka huu, basi ubora unahama nyumba kila baada ya miezi kumi na miwili, na sote tunajua mkono wa mtu hauharibiki wala hautengenezeki kwa kasi hiyo.

Na wewe unayesimama na Van Boening, mfano wako mwenyewe ni mzuri kuliko wote. Alishinda US Open ya mipira tisa, shindano kubwa la Marekani, mara tano: 2007, 2012, 2013, 2014 na 2016. Lakini taji la dunia hakulipata hadi 2022. Je, miaka yote ile alikuwa mchezaji wa pili? Hapana. Alikuwa kati ya wakali wakubwa wa dunia, na kila mara akakutana na mtu mmoja aliyekuwa na siku nzuri kuliko yake. Kinyume chake, nisingemhukumu mtu kuwa bora kwa kuwa na wiki moja ya ajabu.

Mtu atauliza, basi tuwaweke wawili tu mezani, wacheze mechi ndefu mpaka ukweli utoke. Hilo lilifanyika. Mwaka 1996, kule Hong Kong, Reyes na Mmarekani Earl Strickland walicheza siku tatu, wa kwanza kufikisha fremu 120 aondoke na dola 100,000. Hiyo ni mechi ambayo, kwa hesabu, mwenye uwezo wa fremu 55 katika 100 angeshinda mara 94 katika 100. Reyes alishinda 120 kwa 117. Watu wameitumia mechi ile miaka yote hii kuthibitisha kwamba Reyes alimzidi Strickland. Mimi naisoma vingine. Fremu 237 zimechezwa na tofauti ni tatu! Matokeo yale yanasema kwamba wiki ile, kwenye mipira tisa, watu wale wawili walikuwa sawa kadiri macho ya binadamu yanavyoweza kuona. Dola zilikwenda kwa mmoja, kama ilivyokuwa lazima, lakini kipimo kilitoa sare.

Fedha nazo hazipimi uwezo. Zinapima mdhamini. Mwaka 2006 Reyes alishinda mashindano ya mipira minane kule Reno, zawadi ikatangazwa kuwa dola 500,000, fungu ambalo mchezo huu haukuwahi kuliona. Ziara ile haikudumu, na malipo yake yakawa ya kusuasua. Ukipanga wachezaji kwa mapato, wiki ile moja inameza miaka ya kazi ya mtu mwingine aliyecheza vizuri sawasawa wakati wadhamini wamelala. Hapa Uganda ni hivyo hivyo: mwaka wenye mdhamini wa bia na mwaka usio na mdhamini havilinganishwi, na bado mikono ni ileile. Ndiyo maana ukitaja Mansoor Bwanika, jirani yako atakujibu Caesar Chandiga, wa tatu ataleta Ibrahim Sejjemba, na makombe peke yake hayatawapatanisha.

Kuna wanaopenda rekodi ya mipira mfululizo. Willie Mosconi alitumbukiza 526 bila kukosa mwaka 1954 huko Springfield, Ohio, na rekodi ikakaa miaka 65 hadi John Schmidt alipofikisha 626 mwaka 2019. Ni kazi ya kushangaza, nawavulia kofia wote wawili. Lakini Mosconi alicheza kwenye meza ya futi 8 mbele ya watazamaji waliokuja kuona maonyesho, Schmidt akacheza kwenye meza ya futi 9 akiwa amepanga kuifukuza rekodi siku baada ya siku. Na katika yote mawili hakuna mpinzani aliyekaa kitini akisubiri kosa. Pool bila mpinzani ni nusu ya mchezo.

Hapo ndipo nataka mkae nami kidogo, kwa sababu nusu ile nyingine ndiyo watazamaji wetu hawaioni. Jioni moja ukumbini Kabalagala nilikuwa mwamuzi wa mechi ya watu wawili wanaofahamiana. Mmoja alibakiwa na mipira yake miwili ya njano na mweusi unaopigwa mwisho; nyekundu zilikuwa za mpinzani. Njano moja ilikuwa mdomoni mwa shimo la kona, mtoto angeitumbukiza. Ya pili ilikuwa imegandana na nyekundu kwenye ukingo mrefu. Ukumbi mzima ukapiga kelele apige ile rahisi. Hakuipiga. Alizunguka meza mara mbili, akainama, akaugusa mpira mweupe taratibu hadi ukaigusa ile njano iliyogandana, ikaachana na nyekundu kwa upana wa kidole, na mweupe ukasimama nyuma ya mweusi. Mpinzani hakuona nyekundu hata moja. Hakuna aliyepiga makofi. Mpinzani akapiga ukingo akitafuta njia, akakosa, na fremu ikaisha kwa mapigo matatu. Ukihesabu mipira iliyotumbukizwa, pigo lile ni sifuri. Kwangu ndilo lililoshinda fremu.

Wamarekani walijaribu kupima mambo ya namna hii kwa haki. Kampuni ya Accu-Stats, iliyoanzishwa na Pat Fleming, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, ilibuni hesabu rahisi: chukua mipira aliyotumbukiza mtu, igawe kwa jumla ya mipira hiyo na makosa yake. Kosa si kukosa shimo tu. Kuuacha mpira mweupe mahali pabaya ni kosa, kumficha mpinzani vibaya ni kosa, kuvunja, yaani kupiga pigo la kwanza la fremu, na kuutumbukiza mweupe ni kosa. Aliyefikisha 0.900 amecheza kwa kiwango cha dunia. Naipenda hesabu hii kwa kumfundisha mtu, kwa sababu inamwonyesha anakovuja. Ila kwa kuamua nani bora ina mapengo mawili. Anayehesabu lazima awe anaujua mchezo sana, la sivyo kila mhesabu atakuwa na matokeo yake. Na mchezaji anayempa mwenzake nafasi ngumu usiku kucha humfanya mwenzake aonekane mzembe, ilhali yule mwenzake hakupata hata pigo moja la wazi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kile cha Fargo, kilichopewa jina la mji wa North Dakota kilikozaliwa. Hakijali kombe, fedha wala raundi. Kinakusanya fremu zote unazocheza na kutazama ulizicheza na nani. Watu wawili wakipishana alama 100, wa juu anatarajiwa kushinda fremu mbili kwa kila moja ya mwenzake. Wakipishana 200, ni nne kwa moja. Ukimfunga mtu ambaye hesabu ilitarajia umfunge, hupati kitu kikubwa. Ukimsumbua aliye juu yako, unapanda hata kama umepoteza mechi. Uzuri wake ni kwamba watu wawili hawana haja ya kukutana. Wewe umecheza na mtu wa Malaba, yule wa Malaba amecheza Nairobi, wa Nairobi amecheza Kampala, basi kuna mnyororo kutoka kwako hadi Kampala. Mnyororo ukikatika, ndipo tatizo. Kundi linalocheza lenyewe kwa lenyewe mwaka mzima linaweza kujua nani wa kwanza kati yao, lakini haliwezi kujua wa kwanza wao ni nani kwingine. Nyinyi mpo mpakani, mnacheza na Wakenya kila Jumamosi. Hiyo ni mali, msiipoteze bila kuiandika.

Hata kipimo hicho kinahitaji meza zinazofanana, au angalau idadi kubwa ya meza tofauti. Mpira wa pool ya Kimarekani una kipenyo cha inchi 2 na robo, kwa hiyo shimo la inchi 4 na nusu linapitisha mipira miwili sambamba kamili. Mashindano makubwa ya mipira tisa ya miaka ya karibuni yamebana mashimo hadi inchi 4. Nusu inchi hiyo inamnyima mtu kupiga kwa nguvu kando ya ukingo, pigo ambalo zamani lilisamehewa. Meza zetu za sarafu zina mambo yake. Nyingi zina mpira mweupe mdogo kidogo kuliko mingine, ili mashine ndani iutambue na kuurudisha. Mweupe mwepesi hurudi nyuma kirahisi na hausongi mbele sana baada ya kugonga. Kijana aliyekulia kwenye meza moja ya barazani, yenye kitambaa kilichochakaa na mteremko kuelekea kona ya mlango, ana faida ambayo haionekani kwenye matokeo mpaka umhamishe.

Sasa nijibu ubishi wenu wa kwanza bila kukwepa. Wa leo, kwenye mipira tisa, mimi ningechagua kati ya Gorst na Filler, na nisingegombana na mtu kuhusu yupi atangulie. Fremu zao dhidi ya wakali wenzao zinawaweka pamoja kileleni. Kwa historia yote, nasimama na wazee wenu. Sababu yangu haihusu mechi ya Hong Kong wala zile dola za Reno. Reyes alikuwa bingwa wa dunia wa mipira tisa 1999 na wa mipira minane 2004. Kwenye Derby City Classic ya Marekani, ambako watu hucheza mipira tisa, mchezo wa shimo moja (kila mmoja ana shimo lake moja tu la kutumbukizia) na mchezo wa kupigia ukingo (mpira lazima ugonge ukingo kabla ya kuingia) ndani ya siku chache, alitwaa taji la jumla mara tano, la kwanza 1999, la mwisho 2010 akiwa na miaka 55. Hizo ni aina za mchezo zinazodai akili tofauti kabisa, mbele ya wataalamu wa kila aina, kwa muda wa zaidi ya miaka kumi. Huo ni wingi wa ushahidi ambao kombe moja haliwezi kuufikia. Atakayesema Mosconi, mwenye mataji 15 ya dunia kati ya 1941 na 1957, nitamsikiliza kwa heshima, lakini alicheza zaidi aina moja na dhidi ya wapinzani wa mabara machache. Filler, chaguo la vijana wenu, ana miaka mingi mbele yake, tusimfungie hesabu mapema.

Tuje Busia. Mkitaka kujua nani bora wenu, acheni mtoano na mchezeni ligi, kila mtu akutane na kila mtu. Watu kumi na sita ni mechi 120. Kila mechi iwe fremu 6 kamili, hata kama mmoja ameshafikisha nne, na kila mmoja avunje mara tatu ili pasiwe na manung'uniko. Jumla ni fremu 720, kila mtu 90. Kwa sarafu ya shilingi 500 kila fremu, gharama ni shilingi 360,000, ambayo mkigawana ni 22,500 kwa kila mmoja. Fremu ikichukua dakika nane, mkicheza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, meza moja inamaliza kazi kwa jioni 24. Msicheze mchana wa siku za kazi. Mnajua viongozi wa wilaya nyingi wanavyowatazama vijana wanaokutwa mezani saa nne asubuhi, na mchezo wetu hauhitaji kesi.

Hesabuni fremu, msihesabu mechi. Anayemfunga mwenzake 6 kwa 0 na anayemfunga 4 kwa 2 hawajafanya kazi sawa, ila jedwali la mechi huwapa pointi sawa. Daftari liwe moja, likae kwa mtu asiyecheza, na kila fremu iandikwe papo hapo pamoja na jina la aliyevunja. Kama kuna meza mbili mtaani, gawanyeni fremu kati ya meza hizo, ili mwenye kuujua mteremko wa kona ya mlango asivune peke yake.

Mwishoni mtaona tofauti kati ya wa kwanza na wa pili. Ikiwa ni fremu kumi na tano, msijadili, mmempata. Ikiwa iko chini ya saba, hiyo ni bahati ya kawaida ya fremu 90, na haina uzito wa kumnyima mtu safari. Hapo wapelekeni wawili hao kwenye meza isiyo ya yeyote kati yao, hata Tororo kwenyewe, wacheze atakayetangulia kufikisha fremu 15, wakipokezana kuvunja. Hata mechi hiyo haitatoa ukweli wote, ila itatoa jibu ambalo wote wawili waliliridhia kabla.

Na dada yule ahesabiwe pamoja nanyi, kwenye daftari moja na jedwali moja. Kipimo cha Fargo huwapima wanawake na wanaume kwa mizani moja. Kuna fremu ulizoshinda na mtu uliyemshinda. Kama anawafunga wengi wenu, fremu 90 zitaonyesha. Akitoka wa kwanza, nauli mliyokuwa mnagombania ni yake, na wale waliokataa kumchangia kijana wa mwezi uliopita wasitafute sababu mpya.